Ikoni ya Ushindi wa Orthodoksia: sikukuu ya mwaka 843, picha ya karibu na mwaka 1400. Walisubiri nini?

#1 Msomaji wa Usiku
Wakuu salaam. Kuna ikoni (picha takatifu ya ubaoni) moja ipo British Museum, London. Ni ubao mdogo tu, kimo hakizidi sentimita 40 hivi, umechorwa Konstantinopoli (leo Istanbul) mwishoni mwa karne ya 14. Haionyeshi tukio la Injili. Inaonyesha sikukuu: Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, ambapo Wakristo wa Mashariki hukumbuka picha takatifu kurudishwa makanisani tarehe 11 Machi 843, baada ya mvutano wa zaidi ya karne nzima.

Safu ya juu, katikati, kuna ikoni ndani ya ikoni: Bikira Maria na Mtoto, ile iliyoitwa Hodegetria. Kushoto kwako unapoitazama yupo malkia Theodora na mwanawe Mikaeli wa Tatu. Kulia yupo patriaki Methodio, mkuu wa kanisa, na wenzake. Safu ya chini imejaa watakatifu waliopigania picha.

Sasa swali. Sikukuu hiyo ilikuwa ikiadhimishwa tangu karne ya 9, lakini ikoni hii ndiyo ya zamani kuliko zote zinazojulikana za somo hilo. Miaka zaidi ya 500! Wachoraji walikuwa wapi muda wote? Mimi naona hii ni siasa tupu, wala si ibada. Nipingeni.

#2 Ngosha wa Mwanza
Siti ya mbele. Kahawa na kashata ninavyo.

#3 Kijana wa Riruta
Sasa mleta mada, "siasa tupu" umekimbilia sana. Mimi ni Mwothodoksi, nimelelewa hapa Nairobi karibu na seminari yetu ya Riruta. Hiyo Jumapili kwetu si ya kusoma kwenye kitabu. Baada ya ibada kila mtu anashika ikona yake, wengine wametoka nayo nyumbani, tunazunguka kanisa nje, watoto mbele, kwaya inaimba. Kisha Baba anasoma tamko la imani. Ukiona mama mzee amekumbatia picha yake kama anabeba mjukuu utajua hiyo kitu si siasa.

Yaani hiyo picha ya London inaonyesha kile tunafanya. Watu wamesimama wameshika picha. Basi.

#4 Mwalimu Mstaafu
Nakubaliana na mleta mada kwa sehemu kubwa. Angalieni tarehe. Adrianopoli, ambayo leo ni Edirne, ilikwishaangukia kwa Waturuki katika miaka ya 1360. Mwaka 1389 ni vita vya Kosovo. Kuanzia 1394 Sultani Bayezid aliuzingira mji wa Konstantinopoli wenyewe, na mzingiro haukuisha mpaka 1402, pale Timur, mtawala kutoka Asia ya Kati, alipompiga Bayezid karibu na Ankara. Dola ya Bizanti iliyowahi kutawala nusu ya Bahari ya Kati ilikuwa imebaki mji na vipande vya ardhi.

Mfalme Manuel wa Pili alisafiri mwenyewe hadi Ulaya Magharibi kuomba msaada. Krismasi ya mwaka 1400 alikuwa Uingereza, mgeni wa Henry wa Nne. Mfalme wa Warumi (ndivyo Wabizanti walivyojiita) anapita na bakuli! Katika hali hiyo mchoraji anachagua somo gani? Anachagua siku ambayo dola na kanisa walisimama pamoja wakashinda. Anawaambia watu wake: tulikwishapita pabaya zaidi, tukatoka.

#5 Bibi wa Upanga
Huyu Theodora si ndiye yule mcheza maonyesho aliyeolewa na Justiniano? Nimeona picha yake ya vijiwe kule Ravenna, lulu mpaka mabegani. Dada alikuwa na mambo yake huyo.

#6 Mwalimu Mstaafu
@Bibi wa Upanga hapana. Yule wa Justiniano alifariki mwaka 548. Huyu ni mke wa mfalme Theofilo, aliyefariki 842. Wametofautiana karibu miaka 300, jina tu ndilo moja.

#7 Bibi wa Upanga
Haya, na huyu wa pili ana umbea gani? Maana siwezi kukaa kwenye uzi wenye tarehe tu.

#8 Sakafu ya Mosaiki
@Bibi wa Upanga umefika penyewe. Waandishi wa Bizanti wanasimulia kwamba Theofilo alipotafuta mke walipangiwa mabinti wazuri ukumbini, yeye akipita na tofaa la dhahabu mkononi. Akamfikia Kassia, akamchokoza: mabaya yaliingia duniani kwa mwanamke. Kassia akamjibu hapohapo: na mema pia. Bwana akanywea, akasonga mbele, akampa Theodora tofaa.

Kassia akawa mtawa na mtunzi wa tenzi za kanisa. Theodora akaingia ikulu, lakini mume hataki kuona picha takatifu na mke anazo chumbani. Siku moja mchekeshaji wa ikulu, jina lake Denderis, akamfuma anazibusu. "Nini hizo?" Akajibiwa ni midoli. Jamaa akaenda mezani kwa mfalme akasema amemwona malkia na midoli mizuri sana. Mfalme akaja juu. Theodora akamwambia: tulikuwa tunajitazama kwenye kioo na wajakazi wangu, huyo mpumbavu kaona sura zetu.

#9 Bibi wa Upanga
Nimecheka mpaka chai imemwagika. Mwanaume akaamini!

#10 Kijana wa Riruta
Utenzi wa Kassia tunaimba mpaka leo, Jumanne Kuu jioni. Watu hulia. Huyo Theofilo aliachilia mtu.

#11 Mpekuzi
Hadithi tamu, ila mjue zimeandikwa na upande ulioshinda, tena miaka mingi baadaye. Hata hao watu waliochorwa kwenye ikoni, wengine hawakuwahi kukutana. Mtakatifu Theodosia, yule mwanamke wa safu ya chini kushoto aliyeshika ikoni ya Kristo, inasemekana aliuawa karibu mwaka 730, zaidi ya miaka 100 kabla ya ushindi. Theodoro wa Studio, mtawa mtetezi wa picha, alifariki 826. Mikaeli mwenyewe, huyo "mfalme", mwaka 843 alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Aliyetawala ni mama.

#12 Ngosha wa Mwanza
Kwa hiyo ni kama ile picha ya ukoo ambapo babu marehemu anabandikwa pembeni ya wajukuu.

#13 Mpekuzi
Ndiyo maana yake. Ukoo wa imani.

#14 Mlokole Halisi
Mnapamba sana maneno. Kutoka 20:4 ipo palepale: usijifanyie sanamu ya kuchonga. Hao wafalme waliozivunja ndio walikuwa wanasoma Biblia. Waliozirudisha wakajitungia na sikukuu juu.

#15 Fundi Mbao
@Mlokole Halisi na Kutoka 25 je, makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano? Aliyeagiza ni nani?

#16 Sakafu ya Mosaiki
Hoja za wavunjaji zilikuwa nzito kuliko mstari mmoja, tuwatendee haki. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Hieria, mwaka 754, chini ya Konstantino wa Tano, ulisema hivi: ukimchora Kristo, unachora nini? Kama ni ubinadamu peke yake umemgawa Kristo. Kama ni umungu, umungu hauchoreki. Picha yake ya kweli, wakasema, ni mkate na divai ya Ekaristi tu.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787, chini ya malkia Irene, ukajibu: ibada ni ya Mungu peke yake. Picha inapewa heshima, na heshima hiyo humwendea aliyechorwa. Halafu mwaka 815 mfalme Leo wa Tano akazipiga marufuku tena. Ndiyo maana 843 ilihitajika. Angalia pia wanawake: mara mbili picha zimerudi, mara zote mbili mwenye madaraka ni malkia mjane anayemshikia mtoto wake kiti.

#17 Likoni Kwetu
Assalaam aleikum. Sie Waislamu hatuna picha msikitini, kwa hiyo katika ugomvi huu mimi mtazamaji. Lakini nimesoma kwamba hao wafalme waliiga kwetu, maana Khalifa Yazid wa Pili alitoa amri dhidi ya picha kama mwaka 721, na Leo wa Tatu akaanza ya kwake miaka michache baadaye. Kweli?

#18 Mwalimu Mstaafu
@Likoni Kwetu waleikum salaam. Maelezo hayo ni ya zamani, na maadui wa Leo ndio walioyapenda, wakimwita mwenye fikra za Kisaracen, yaani za Kiislamu. Wapo wanaosema chanzo ni mlipuko wa volkano ya Thera mwaka 726: bahari ikachemka, majivu yakaruka, mfalme akaona Mungu amekasirika. Wapo wanaosema ni jeshi kushindwa mfululizo, na hapo wanakumbuka Amri Kumi. Wapo wanaosema ni mfalme kutaka kuwapunguza nguvu watawa. Chagua moja.

#19 Mpekuzi
Nyongeza kwa @Likoni Kwetu, hii utaipenda. Mtetezi mkubwa kuliko wote wa picha takatifu, Yohane wa Dameski, aliandika akiwa katika nchi ya Makhalifa. Ukoo wake ulifanya kazi katika hazina ya Bani Umayya. Mfalme wa Kikristo hakuweza kumgusa. Na ikoni za zamani kabisa zilizosalia, kama Kristo wa karne ya 6, zipo monasteri ya Mtakatifu Katerina, mlima Sinai, kwa sababu eneo lile lilikuwa chini ya Waislamu na amri za Konstantinopoli hazikufika.

#20 Likoni Kwetu
Maashallah. Na ile barua ya ulinzi inayohifadhiwa palepale Sinai, yenye alama ya kiganja ambayo watawa husema ni cha Mtume (s.a.w.)? Kwa hiyo asanteni zipitie kwetu.

#21 Kijana wa Riruta
Zimepokelewa bro 😂

#22 Dada wa Iringa
Samahanini nawatoa kidogo kwenye njia. Babu yangu alifanya kazi kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku huku kwetu. Mgiriki alipoondoka nchini akamwachia picha ya ubao, Bikira na Mtoto, imekuwa nyeusi tii kwa moshi. Bibi alikuwa anaitundika jikoni. Mjomba anataka kuisugua kwa kitunguu na mafuta ya taa ili aiuze. Je inaweza kuwa ya kale?

#23 Fundi Mbao
@Dada wa Iringa mzuie mjomba LEO. Mimi ni seremala, nimewahi kutengeneza fremu za picha za kanisa na nikajifunza kidogo kwa mchoraji mmoja.

Ikoni ya kweli inaanza na ubao mkavu uliokomaa. Juu yake kinabandikwa kitambaa cha kitani kwa gundi. Juu ya kitambaa tabaka nyingi za chaki iliyochanganywa na gundi, inasuguliwa mpaka ilingane na kigae kwa ulaini. Dhahabu inapakwa ikiwa karatasi nyembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya inaruka. Rangi ni unga wa mawe na udongo, uliokorogwa kwa kiini cha yai. Mwisho ni mafuta ya kung'arisha, na hayo mafuta ndiyo yanayogeuka meusi kadiri miaka inavyokwenda, pamoja na moshi wa mishumaa. Kwa hiyo weusi peke yake hauthibitishi uzee. Jiko la kuni linafanya kazi ya karne mbili kwa miaka michache.

Geuza nyuma. Ukiona mistari ya msumeno wa mashine imenyooka yote sawasawa, ni ya juzi. Halafu chukua kioo cha kukuzia utazame mbele: ukiona vidoadoa vidogo vya uchapaji, ni karatasi iliyobandikwa. Wagiriki wengi walisafiri na hizo za kuchapwa. Kitunguu na mafuta ya taa vitaondoa moshi pamoja na uso wa Bikira.

#24 Dada wa Iringa
Asante fundi. Nyuma kuna mbao mbili zimepigwa kukingama, na mashimo ya wadudu. Nitatazama vidoadoa kesho kukiwa na mwanga.

#25 Fundi Mbao
Hizo za kukingama ni za kuzuia ubao usipinde. Dalili nzuri, lakini hata za miaka ya 1920 wanaziweka. Mashimo pia yasikudanganye, wadudu wa Iringa hawangoji karne.

#26 Msomaji wa Usiku
Turudi kwenye mada jamani. Hakuna aliyenijibu kwa nini miaka 500.

#27 Sakafu ya Mosaiki
Nakujibu, na sikubaliani na Mwalimu #4. Waturuki wanatajwa kwa kila kitu cha karne ya 14. Tazama kanisa lenyewe lilikuwa linagombania nini. Ni mafundisho ya mtawa Gregori Palamas, kwamba watawa wakisali wanaweza kuuona mwanga wa Mungu usioumbwa. Mitaguso ilikaa 1341, 1347 na 1351. Mwaka 1351 upande wa Palamas ulishinda, na mafundisho yao yakaongezwa ndani ya lile tamko linalosomwa Jumapili ya Orthodoksia. Hilo hilo analosikiliza @Kijana wa Riruta kila mwaka! Ghafla sikukuu ya zamani ikawa na moto mpya. Kuichora ni kusema: sisi tulioshinda 1351 ndio warithi wa walioshinda 843. Na ona jinsi watawa walivyojaa kwenye picha.

#28 Bibi wa Upanga
Mimi na umbea wangu nasema ni mwanamke. Nimeenda kusoma baada ya kuchekwa hapo juu. Kuanzia 1341 mpaka 1347 Konstantinopoli ilishikwa na Anna wa Savoy, mjane, kwa niaba ya mwanawe Yohane wa Tano aliyekuwa mtoto. Ndiye aliyeweka vito vya taji rehani Venisi mwaka 1343, na ilipofika siku ya kuvikwa mataji 1347 watu wakaona vioo vya rangi badala ya vito. Malkia mjane na mfalme mtoto, si ndiyo hao waliosimama kushoto kwenye ikoni? Mtu alikuwa anamtetea mama wa watu.

#29 Mwalimu Mstaafu
@Bibi wa Upanga umekuja kivingine leo! Lakini hoja ina tatizo: Anna kwa muda mrefu alikuwa upande wa patriaki Yohane Kalekas, aliyemfunga Palamas. Aligeuka 1347. Kwa hiyo wewe na @Sakafu ya Mosaiki lazima mmoja wenu ale mwenzake. Na ikoni wataalamu wanaiweka mwishoni mwa karne, Anna alikwishafariki.

#30 Bibi wa Upanga
Watu hawasifiwi wakifa? Kwetu ndiyo wanaanza kusifiwa.

#31 Mpekuzi
Hamjazungumzia jibu rahisi. Huenda zilichorwa nyingi na hazipo. Mwaka 1204 Wakristo wa Magharibi, Vita vya Msalaba, walipora Konstantinopoli. 1453 Waturuki. Katikati hapo moto, unyevunyevu, mchwa. Hodegetria yenyewe, ile kubwa iliyosemekana kuchorwa na Mtakatifu Luka na kutolewa barabarani kila Jumanne, ilikatwakatwa 1453. Clavijo, balozi wa Kastilia (Hispania) aliyekuwa akienda kwa Timur, aliiona Jumanne mojawapo mwaka 1403 akaandika jinsi ilivyokuwa nzito na bado mtu aliibeba. Kama kitu mashuhuri namna ile kimepotea, kibao cha sentimita 40 kitapona? "Ya zamani kuliko zote zinazojulikana" haimaanishi ya kwanza.

#32 Msomaji wa Usiku
@Mpekuzi hiyo ni hoja ya "ushahidi uliliwa na mbwa". Kwa mtindo huo naweza kudai lolote.

#33 Kijana wa Riruta
Mimi nasimamia #3. Ni ikona ya kalenda. Sikukuu ikifika, ikona yake inawekwa katikati ya kanisa, watu wanaibusu. Kila sikukuu ina yake: Krismasi, Ubatizo, Kupaa. Kuna siku padri fulani aliuliza, "na ya Jumapili ya Orthodoksia iko wapi?" Fundi akapewa kazi. Si lazima kila kitu kiwe na njama.

#34 Mpekuzi
Mbona basi iko ndogo hivyo? Ya kuweka katikati ya kanisa?

#35 Kijana wa Riruta
Njoo Riruta uone tunazoweka. Ndogo ndio zinabusika.

#36 Ngosha wa Mwanza
Ethiopia nao wana picha kibao, si Waorthodoksi hao hao? Wangeulizwa wao.

#37 Sakafu ya Mosaiki
@Ngosha wa Mwanza Ethiopia njia zao ziliachana na hao baada ya mtaguso wa Kalsedoni, 451. Ugomvi wa picha haukuwagusa na Jumapili hii haipo kwenye kalenda yao. Lakini kwa uchoraji usiwaambie kitu: karne ya 15, enzi za Zara Yaqob, mchoraji Fre Seyon alikuwa akimchora Bikira Maria kwa namna yake mwenyewe kabisa.

#38 Likoni Kwetu
Kuna ndugu wawili nimewaona wametajwa kwenye maelezo ya hiyo picha, walioandikwa usoni. Kisa gani?

#39 Sakafu ya Mosaiki
Theodoro na Theofane, watawa kutoka Palestina. Theofilo, huyo huyo wa tofaa la dhahabu, aliwachanja mashairi kwenye vipaji vya nyuso, mistari kumi na miwili, ya kuwatukana. Wakabaki na jina Graptoi, yaani walioandikwa. Theodoro alifia kizuizini kabla ya ushindi. Theofane aliishi akawa askofu wa Nisea, na maandishi yake usoni. Fikiria anahubiri huku waumini wanamsoma.

#40 Mlokole Halisi
Mfalme alikuwa katili, hilo silitetei. Lakini picha bado ni picha.

#41 Bibi wa Upanga
Na malkia akamsamehe mume wa namna hiyo?

#42 Mwalimu Mstaafu
Zaidi ya kumsamehe. Alikubali kurudisha picha kwa sharti kwamba marehemu asilaaniwe pamoja na wavunjaji wengine. Alidai alitubu akiwa kitandani mwa mauti. Maaskofu wakakubali. Ndiyo maana kwenye tamko la sikukuu hamumsikii Theofilo akilaaniwa kwa jina.

#43 Msomaji wa Usiku
Haya, hiyo ni siasa au si siasa? @Kijana wa Riruta jibu.

#44 Kijana wa Riruta
Hiyo ni ndoa.

#45 Ngosha wa Mwanza
😂😂 Funga uzi.

#46 Fundi Mbao
Usifungwe. Nina neno la fundi. Mchoraji alikuwa na ubao mdogo, ameamua kuubana umati wote huo, na bado ndani yake akachora ikoni za watu walioshika ikoni, na uso wa Kristo ukubwa wa kucha. Hiyo ni kazi ya mtu anayejionyesha kwa tajiri. Aliyelipa alitaka kitu cha kushika mkononi na kutazama karibu. Mimi nasema ni ya nyumbani kwa mkubwa fulani, wala si ya padri.

#47 Dada wa Iringa
Nimerudi. Nimetazama kwa kioo cha babu. Sijaona vidoadoa usoni, ila kwenye kona moja rangi imebanduka na chini kuna kitambaa. Mjomba kapandisha bei tayari.

#48 Fundi Mbao
Kitambaa chini ya rangi?? Usiiguse kona hiyo, usiifunge kwa nailoni, itoe jikoni. Piga picha mbele, nyuma na ubavuni uweke hapa.

#49 Mpekuzi
Na mwambieni mjomba kitani peke yake hakifanyi kitu kuwa cha mwaka 1400.

#50 Bibi wa Upanga
Wakati tunasubiri picha: huyo mtoto Mikaeli alikujaje kuwa? Maana pale kasimama na mama yake mpole kama malaika.

#51 Mwalimu Mstaafu
Alipokua alimwondoa mama madarakani akamtia utawani. Wapinzani wake wakamwita Mlevi. Mwaka 867 aliuawa kwa njama ya rafiki yake Basili, aliyechukua kiti.

#52 Bibi wa Upanga
Nafungua uzi wa huyo Basili sasa hivi. Nifuateni huko, @Ngosha wa Mwanza lete kashata.